Maneno ya Mwisho ya Mama

Mayoni,
22 Mei 2025

Dada yangu Hadijah,

Amani ya Mola ikufikie huko Kakamega, na ikukute una nguvu kuliko mimi.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu imetushinda. Tangu tumzike mama tumepigiana mara tatu, na mara zote tatu mmoja wetu amemkatia mwenzake. Karatasi haina pa kupandishia sauti. Yakub huenda huko kuuza vitunguu kila Jumanne na Jumamosi, na amekubali kuwa tarishi wetu bila kuuliza kwa nini ndugu wawili wenye simu wanaandikiana kama wazee wa zamani.

Nina swali na nitalisema wazi. Mama alifia nyumbani kwako Jumanne ile adhuhuri, na aliyekuwa naye ni wewe peke yako. Mimi nilikuwa nimemuaga Jumatatu ili nirudi Jumatano, na siku yake haikuningoja. Unajua tulivyofundishwa: ambaye neno lake la mwisho duniani ni shahada, huyo ana bahati kubwa. Unajua pia nilimwomba mama nini. Ulikuwa umesimama mlangoni na chupa yako ya mofini ya kutuliza maumivu, umenuna, nikimwambia, "Mama, vumilia kidogo. Hiyo dawa itakufunga ulimi siku unayouhitaji." Akaniitikia kwa kichwa. Ulinikasirikia, na nadhani bado.

Mimi si mkatili, Hadijah. Nilikuwa nikitoka chumbani mwake naenda kujificha chooni kwako nilie. Lakini uchungu wa siku chache ni nini mbele ya milele? Watu wa hapa wananiuliza mama alikufaje, nami, mwalimu wa madrasa, nabaki kukohoa. Niambie basi. Alitamka? Na je, alikuwa amekunywa ile dawa?

Usinifiche kitu.

Kaka yako,
Bilal


Kakamega,
27 Mei 2025

Kaka Bilal,

Barua yako imefika ikinuka vitunguu, nikacheka kidogo, mara yangu ya kwanza tangu msiba. Yakub ameketi hapa anakunywa chai na ana haraka ya kurudi sokoni, kwa hiyo nami nitaandika upesi.

Ndiyo, mama alitamka. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemaliza kumfuta uso, nikaketi kitandani nikamsomea shahada sikioni polepole, vile ulivyonielekeza. Akaifuata yote, neno kwa neno, kwa sauti ambayo hata jirani yangu Maximilla aliyekuwa akifua nje aliisikia. Kisha akanyamaza. Baadaye akalala. Adhuhuri ikiadhiniwa, pumzi zake zikaanza kuachana mbali mbali, halafu moja haikurudi.

Hakusikia uchungu. Paji la uso lilikuwa na jasho. Kuhusu dawa usiwe na wasiwasi, alitimiza ulichomwomba.

Sasa kula, na ulale. Shangazi Asiya aliniambia siku ya mazishi kwamba umekonda hadi kanzu inakuvaa wewe. Msalimie sana, yeye aliyemwosha mama kwa mikono yake. Naye pia alionekana mchovu kuliko umri wake.

Dada yako,
Hadijah


Mayoni,
9 Juni 2025

Dada yangu mpenzi,

Mola akulipe kila herufi uliyoniandikia. Barua yako niliisoma mara tatu, kisha nikaenda nyuma ya madrasa, nikaegemea ukuta, nikalia mpaka wanafunzi wakaacha kusoma ili wasikilize. Idd imepita bila pilau ya mama, na nilidhani itanimaliza. Lakini kila nilipoikumbuka barua yako moyo ulitulia.

Kuna jambo umeliandika kama mtu anayetaja hali ya hewa. Jasho! Paji la uso likitoka jasho wakati roho inatoka, masheikh wetu wanatwambia hiyo ni alama ya muumini. Wewe uliliona kwa macho yako na hukujua unachokiona. Nimemsimulia shangazi Asiya, akashika kifua, akasema hata yeye alipomwosha aliona uso umekunjuka kama wa bibi harusi.

Sasa niambie zaidi. Ulipokuwa chuoni uliwahi kuniambia kwamba anachokiona mtu akifa ni ubongo uliokosa hewa, basi, kama taa inayopepesa kabla ya kuzimika. Nilinyamaza siku ile kwa sababu ulikuwa mgeni na mama alikuwa amekuchinjia kuku. Bado unaamini hivyo, baada ya kumwona mama? Aliangalia wapi? Alimwita mtu? Sisi tunajua kwamba wakati ule pazia linafunguliwa na malaika wanaonekana. Nataka kujua kama uso wake ulionyesha kuwa amewaona.

Tarehe 22 tutasoma arobaini yake hapa nyumbani, na wameniomba niseme maneno machache. Nitasimulia alivyokufa. Mauti mazuri kama yale hayafichwi.

Kaka yako anayekushukuru,
Bilal


Kakamega,
17 Juni 2025

Kaka Bilal,

Umeniuliza ninaamini nini. Nitakujibu, lakini si jibu la mwanafunzi yule aliyekula kuku wa mama.

Nina miaka sita katika kliniki hii ya wasiopona. Watu niliowafumba macho wamepita mia. Nina daftari ambalo humwandika kila mmoja: alisema nini, aliangalia wapi, mkono wake ulifanya nini. Mzee mmoja wa Chekalini, Mkristo wa madhehebu ya Kikweka, siku mbili kabla ya kufa alikuwa akiita ng'ombe wa babake kwa majina, anacheka wakikataa kuingia zizini. Mwalimu mmoja wa Ekero, Mwislamu, alituomba tumpishe mgeni aketi, na kiti kilikuwa kitupu. Kijana ambaye hakuwa na dini yoyote alizungumza na nyanyake jioni nzima. Karibu wote huwaona waliotangulia, na karibu wote hawaogopi.

Tabibu wetu, Wandera, haamini kitu asichoweza kukipima. Yeye husema damu imepungua kichwani, figo zimechoka, sumu imepanda, na ubongo unatoa picha ulizoweka zamani. Lakini yeye huyo huyo aliniambia kuna watafiti waliowafunga wagonjwa wachache nyaya kichwani, na katika dakika za mwisho ubongo wa baadhi yao ukawaka kwa nguvu badala ya kufifia. Nikamuuliza, wanaona nini wakati ule? Akasema hakuna aliyerudi kueleza. Hapo wewe na yeye mnaweza kuketi benchi moja. Na masikio, wanavyosema, ni kati ya vitu vya mwisho kuondoka, ndiyo sababu nawaambia jamaa wasigombanie shamba kando ya kitanda.

Kwa hiyo sijui, kaka. Sidharau pazia lako. Ninachojua kwa hakika ni kimoja: mtu aliyeshikwa na uchungu mkali haoni malaika, wala ng'ombe wa babake. Anaona uchungu tu, umejaa chumba kizima.

Mama aliangalia ukuta. Hakumwita mtu.

Nakuomba jambo moja, na usiniulize sababu. Siku ya arobaini msomee mama, mwombee dua, wape watu chakula, basi. Usisimulie alivyokufa. Yale yalikuwa yangu na yake. Mimi sitafika, niko zamu.

Hadijah


Mayoni,
3 Julai 2025

Dada Hadijah,

Amani kwako, ingawa ulituachia pengo siku ya arobaini na kila mtu aliuliza uko wapi.

Nisamehe, nilisimulia. Nilijaribu kunyamaza kama ulivyotaka, lakini watu walijaa mpaka barazani kwa jirani, na nilipofika mahali pa kumtaja mama maneno yalinitoka yenyewe. Nilisema alivumilia siku tisa bila kugusa dawa ya kulevya, na Mola akamlipa: hakusikia uchungu, akatamka, jasho likamtoka, akalala. Wazee walilia. Tangu siku hiyo nyumba mbili zimeniita nikawasemeshe wagonjwa wao. Familia moja ya Ekero wameiweka kando mofini ya baba yao. Usiudhike. Sikuwaamuru, walitaka wenyewe baada ya kusikia habari za mama.

Sasa jambo zito. Mficha maradhi kifo humuumbua. Shangazi Asiya ana uvimbe kwenye titi, amekuwa nao miaka miwili, na alikuwa akiufunga kwa kitambaa hata siku aliyomwosha mama. Umepasuka sasa. Tulimpeleka hospitali, wakasema umefika kwenye mapafu na mifupa, wakaturudisha nyumbani na chupa ya mofini. Mimi ndimi ninayemuuguza, pamoja na mke wangu.

Chupa ameiweka kabatini bila kuifungua. Akasema, "Mimi nitaenda kama wifi yangu alivyoenda." Usiku na mchana anauma shuka, jasho linamtiririka, nami nampangusa na kumwambia hiyo ni alama njema. Anasema nisikuite, eti utakuja na mkoba wako na maneno yako ya hospitali umlegeze moyo. Naona anapata thawabu kubwa, ila kuna saa naingiwa na woga. Mama alikuwa hivi, mwanzoni? Ulisema hakusikia uchungu. Huo uchungu ulianza kumwondoka lini? Nikijua siku, nitamwambia shangazi, apate la kungojea.

Bilal


Kakamega,
5 Julai 2025

Bilal,

Yakub nimemzuia hapa mlangoni na hataondoka bila bahasha hii. Nimekupigia mara sita tangu niisome barua yako na hupokei. Ujumbe siwezi kukutumia, hiyo simu yako hushikwa hata na wanafunzi, na shangazi hana yake. Soma hii ukiwa umesimama, halafu uende kabatini.

Uchungu wa mama haukumwondoka siku yoyote. Nilikudanganya.

Siku tisa zile alizokuahidi, alikuwa akiuma ncha ya leso ili Maximilla asisikie. Wewe ulikuwa ukija, anapangusa uso, anakuketisha, anakuuliza habari za madrasa. Ukitoka, ananiambia nifunge mlango. Nilimsihi kila baada ya saa nne, kama zamu. Alikuwa akisema, "Nimemwambia Bilal nitangoja." Jasho lile uliloliita alama lilikuwa jasho la mfupa wa mgongo unaoliwa na saratani. Nimeliona kwa waumini, nimeliona kwa walevi, nimeliona kwa mtoto wa miaka mitano. Huwa linakauka mtu akipewa dawa.

Jumanne ile alitamka kweli. Hapo sikukudanganya. Alitamka vizuri kuliko mimi. Na najua kama wewe kwamba akishatamka anaachwa, hasemeshwi neno lingine, ili lile liwe la mwisho. Tulifundishwa pamoja kwenye mkeka mmoja. Nilinyamaza robo saa. Halafu nikamwona anavyokunja vidole vya miguu, na mdomo wangu ukafanya unachofanya kazini mara thelathini kwa siku. Nikamuuliza, "Mama, uchungu uko ngapi kwa kumi?" Yalinitoka kabla sijafikiri. Nilisahau kuwa ni binti yake, nikawa nesi tu.

Akafungua macho, akasema, "Kumi. Nipe dawa."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya mama. Nilimpa, kipimo kidogo cha mtu anayeanza, na Wandera baadaye alinihakikishia kisingeweza kumuua. Baada ya nusu saa vidole vilinyooka. Ule uso uliokunjuka ambao shangazi aliuona ulikunjuka saa ile, kwa ile dawa, si kabla. Nikamsomea tena shahada sikioni hadi adhuhuri ili afuate, lakini alikuwa amelala. Labda alisikia. Nimekuambia masikio huchelewa kuondoka. Ndilo tumaini langu lote, na halipimiki.

Nilikuficha kwa sababu mbili. Niliona aibu kwamba mimi ndimi niliyemharibia neno lake. Na nilikuonea huruma, ukijua kwamba aliteseka siku tisa kwa ajili ya ombi lako utaishije. Nilidhani uongo ule utaishia kwako. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wangu umetembea hadi Ekero.

Mpe shangazi dawa leo. Kipimo kimeandikwa kwenye chupa. Haitamfunga ulimi, ikipimwa vizuri itamfungua, ataweza kusali, kutamka, hata kukugombeza. Uliza sheikh yeyote mwenye elimu kuliko yako kama dini inakataza mgonjwa kupunguziwa maumivu. Watu wa Ekero pia waambie. Sema mimi ni mwongo, taja jina langu, sijali.

Niko zamu mpaka Jumatano na tumebaki wauguzi wawili. Ningeweza kuomba ruhusa nije leo. Ukweli ni kwamba naogopa uso wako. Nitakuja Alhamisi asubuhi.

Hadijah


Mayoni,
11 Julai 2025

Dada Hadijah,

Amani ikufikie, kama bado iko.

Ulikuja jana asubuhi na mkoba wako, ukakuta tunachimba kaburi. Ulipokuwa umekaa na wanawake ulikuwa ukiniangalia kama mtu anayengoja jibu, nami sikuelewa unangoja nini. Kisha ukaingia chumbani, ukafungua kabati, ukakuta ile chupa imejaa na utepe wa kifuniko haujakatwa. Ukatoka bila kuniaga. Nilikasirika. Nilidhani umekuja kupekua.

Barua yako Yakub aliniletea Jumamosi jioni. Niliishika, nikaona ni nene, nikasema huyu ameanza tena mahubiri yake ya dawa. Simu zako nilizikataa kwa sababu hiyo hiyo. Niliiweka rafu ya juu, juu ya chaki za madrasa, nikapanga kuisoma shangazi akishapumzika. Nimeifungua jana magharibi, baada ya wageni kuondoka.

Nimeisoma mara moja tu. Siwezi kurudia.

Leo baada ya swala ya Ijumaa nilisimama na kuwaambia watu kwamba niliyosema siku ya arobaini hayakuwa kweli. Sikutaja jina lako. Nilisema mama aliumia, aliomba dawa, akapewa, na aliyekosea ni mimi. Wengine waliinama. Yule mtoto wa mzee wa Ekero alinifuata hadi nje, akaniuliza kwa nini sikusema mapema, baba yake amepiga kelele wiki mbili. Alipanda pikipiki, akaenda kumpa dawa.

Hukuuliza shangazi alikufaje, lakini wewe una daftari, na safari hii nataka iandikwe jinsi ilivyokuwa.

Jumatatu alimwomba mke wangu chupa. Mke wangu akaenda kabatini, nami nikamzuia, nikamwambia shangazi asipoteze alichokwisha kukichuma. Akakubali. Jumanne hakuweza kulala chali wala ubavu, tulimshika ameketi, mke wangu mbele na mimi nyuma. Hakuona malaika, Hadijah. Hakuona mtu yeyote. Niliangalia macho yake mchana kutwa, na ilikuwa kama ulivyoandika.

Alasiri akanishika mkono, akaniuliza, "Bilal, mama yako aliweza aje?"

Nilimjibu maneno yako ya ile barua ya kwanza, nilikuwa nimeyahifadhi. Nikamwambia mama hakusikia uchungu, kwa sababu ya imani yake.

Kisha akasema, "Basi mbaya ni mimi," akageuza uso ukutani.

Nilimsomea shahada sikioni mpaka Jumatano usiku roho ilipotoka. Hakuifuata hata mara moja. Nadhani aliona haimfai tena mtu kama yeye.

Kaka yako,
Bilal